Presha ya mashine siyo presha ya damu

Saa kumi na moja alfajiri simu inalia. Ni ujumbe wa sauti kutoka kwa mzee wa miaka sitini na ushee, siku ya tano na CPAP yake, mashine inayopuliza hewa kupitia barakoa usiku kwa mtu ambaye koo hujifunga na pumzi kukatika usingizini: "Sista, hii mashine yenu imenipandisha presha. Kichwa kinagonga. Nimeizima, nimeirudisha kwenye boksi." Nyuma yake namsikia mkewe: "Si nilikwambia?"

Huyu ni wa tatu mwezi huu. Na kosa ni letu, nakiri. Tunamwambia mtu "presha yako tumeiweka 11", halafu tunashangaa akienda nyumbani na neno lile lile analolijua tangu mama yake alipopooza. Huku kwetu presha ni moja tu, ile inayopanda. Mtu aambiwe mashine itampa presha usiku kucha, kisha aamke kichwa kinauma, ulitaka afikirie nini?

Basi chukua glasi ndefu, tia maji, zamisha mrija mpaka ncha yake iwe sentimita 11 chini ya maji, kisha puliza. Kiputo cha kwanza kikitoka, umetengeneza "presha 11" kwa mashavu yako mwenyewe. Ndiyo hiyo hiyo, wala hakuna nyingine. Mashine inahesabu kwa sentimita za maji. Damu inapimwa kwa milimita za zebaki, na zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Kwa hiyo 11 ya mashine ni kama 8 ya zebaki. Mwenye 150 kwa 95 asiziweke mizani moja. Tairi la gari dogo, kwa kipimo hicho cha maji, lina zaidi ya 2,000. Upepo huu hauingii kwenye mishipa wala haupandi ubongoni. Kazi yake ni kushikilia koo lisijifunge. Na siyo oksijeni, jamani. Ni hewa ya chumbani kwako imesukumwa na feni. Colin Sullivan wa Sydney, aliyeitangaza tiba hii mwaka 1981, alianza na kitu kilicho ndugu wa mashine ya kufyonza vumbi, ila kilipuliza badala ya kufyonza.

Tena anayepandisha presha ni koo linaloziba. Kila pumzi inapokatika mwili unagutuka, moyo unakimbia, presha ya damu inaruka. Mwenye AHI, yaani hesabu ya pumzi zinazokatika au kupungua kwa saa ya usingizi, ya 30 anafanyiwa hivyo mara thelathini kwa saa. Mashine inaishusha, ingawa kwa wastani ni pointi 2 au 3 tu, kwa hiyo vidonge vyako vya presha usiviguse bila daktari.

Sasa, kichwa kinauma kweli. Hapo sibishi. Ila swali langu la kwanza huwa: uliivua saa ngapi?

Hapo ndipo watu wanapoanza kuangalia dari. Kadi ya mashine ya mzee ilionyesha anaivaa saa nne usiku na kuivua saa nane au saa tisa, halafu analala mpaka saa kumi na mbili. Kwake yeye "ametumia mashine". Lakini usingizi wa ndoto umejaa zaidi kuelekea asubuhi, na ndio unaolegeza misuli ya koo kuliko mwingine wowote. Saa zile tatu za mwisho, pumzi zinapokatika vibaya zaidi, ndizo alizolala uso mtupu. Anaamka na kichwa kile kile cha miaka yote, kisha lawama anaipa iliyokuwa imezimwa. Umeme nao ukikatika saa tisa matokeo ni hayo hayo, tofauti ni kwamba mgonjwa hana kosa.

La pili ni mikanda, na hapa uvumilivu wangu unaisha. Watu wanaikaza kama wanafunga magodoro juu ya basi. Ukiona mstari shavuni bado upo saa tatu asubuhi, au maumivu yamekaa kisogoni na kwenye panda za uso, usiniulize kuhusu ubongo, fungua mkanda. Kosa ni kukaza ukiwa umekaa. Lala chali kwanza, washa mashine, inua barakoa kidogo mpaka mto wake wa mpira ujae hewa, irudishe usoni, kisha kaza taratibu mpaka upepo uache kukupiga machoni. Ishia hapo. Vidole viwili vipite chini ya mkanda. Barakoa ikivuja hata hivyo, saizi siyo yako. Badilisha barakoa, usiuadhibu uso.

Halafu matundu. Mama mmoja aliniletea barakoa yake imebandikwa plasta mbele, safi kabisa, kazi ya mikono mizuri. "Ilikuwa inavuja, mwanangu." Nilikaa chini. Matundu yale madogo hayavuji, yanatoa. Pumzi unayoitoa ina hewa ukaa, na njia yake ni pale tu. Ukiyaziba unavuta tena uliyoitoa, na hewa ukaa ikizidi mwilini mishipa ya kichwani inatanuka. Kichwa chake kiliuma kwa haki. Plasta ilitoka mchana ule, na siku ya pili akaamka mwepesi. Natamani zote zingekuwa rahisi hivyo.

Mengine haraka: pua iliyoziba, itibu kwanza. Ukilala na kiyoyozi, chombo cha maji cha mashine kijazwe, hata kama unaishi Dar na unaamini unyevu upo wa kutosha, kiyoyozi kimeshaukausha. Ukiamka mdomo mkavu kama unga, hewa inatokea mdomoni. Na anayemeza paracetamol siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi zaidi ya mitatu, anaweza kuwa na kichwa kinachotokana na dawa yenyewe.

Kwa wa Njombe, Makete na kwingine kwenye baridi: nani alilala na jiko la mkaa chumbani? Kama kichwa kinauma nyumba nzima, pamoja na watoto wasio na mashine yoyote, acha kunipigia, toeni jiko na watu nje, muende hospitali.

Nisilopenda kulikiri mbele ya wagonjwa ni hili: hata kile kichwa cha kabla ya mashine, ambacho vigezo vya kimataifa vinataka kiwe kimeisha ndani ya saa 4 baada ya kuamka, chanzo chake bado kinabishaniwa. Wapo wanaosema ni oksijeni kushuka, wapo wa hewa ukaa kupanda, wapo wa usingizi kukatwakatwa. Nami nikisema "vumilia wiki mbili", namba hiyo nimeirithi kwa waliotangulia kazini, sina zaidi ya hapo. Ila asiyevumilishwa ni mtu mnene sana anayevaa usiku mzima, haivuji, AHI imeshuka, na bado anaamka kichwa kizito na kusinzia mchana. Huyo huenda anabakiza hewa ukaa. Apimwe damu, pengine anahitaji mashine ya aina nyingine, inayosukuma zaidi anapovuta pumzi na kulegeza anapotoa.

Mzee wa alfajiri tulimlegezea mikanda na tukakubaliana asiivue kabla ya adhana. Kichwa kiliisha siku ya nane. Mkewe ananiambia kwa majirani bado anaiita "ile mashine yangu ya presha".