Fizi Zinazotoka Damu Haziponi kwa Ndimu

Wiki iliyopita, kwa mara ambayo sitaki tena kuihesabu, mama mmoja kutoka Uyole aliketi kwenye kiti cha matibabu akanieleza kwamba ana kiseyeye, kwamba amelamba ndimu mwezi mzima, na kwamba ameacha kupiga mswaki upande wa kushoto ili fizi zipumzike. "Naogopa kuzitonesha, daktari," alisema. Nilimpa kioo, nikapitisha ncha ya kifaa taratibu kwenye mpaka wa fizi na jino, nikamwonyesha kilichonasa: ukoga mweupe, yaani utando wa bakteria, laini kama uji uliopoa. Huo ndio uliokuwa ukimtoa damu.

Kiseyeye ni ugonjwa wa kweli, unaotokana na kukosa vitamini C kwa muda mrefu, na ndio ambao James Lind, daktari wa jeshi la wanamaji la Uingereza, aliutibu mwaka 1747 kwa kuwapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau. Lakini mtu wa Mbeya anayekula mboga za majani, viazi na matunda kila wiki ni nadra sana kuupata, na ndimu anayoilamba kutwa inamlainishia tabaka gumu la jino bila kuugusa ukoga.

Mwaka 1965 mtafiti wa fizi Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 fizi za wote zilikuwa zimevimba, na waliporudia mswaki zilipona baada ya takribani wiki moja. Kwa hiyo mahali panapotoka damu ndipo panapodai mswaki kuliko pengine pote, na anayepakwepa anawaachia bakteria shamba walime watakavyo.

Najua hofu hiyo inatoka wapi, kwa sababu mswaki mgumu unaosuguliwa kwa nguvu hujeruhi fizi kweli. Hata hivyo, jeraha la namna hiyo huwa mahali pamoja na huuma, ilhali fizi yenye uvimbe ni nyekundu, imetuna, na hutoa damu kwa kuguswa kidogo tu, mara nyingi bila maumivu. Chukua mswaki laini, ulaze mshazari ili nyuzi zielekee kwenye mpaka wa fizi, kisha uutikise kwa miondoko mifupi, jino kwa jino, ukianzia pale pale unapopaogopa. Damu itaendelea kwa siku chache, na usiache.

Mengine mnayajua: dawa yenye floridi, dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, kisha tema povu bila kusukutua kwa maji mengi. Mswaki wa mti nao unafaa ukitumiwa kwa uangalifu huo huo. Kuhusu uzi wa meno, ninakiri kwamba ushahidi wa tafiti ni hafifu kuliko nilivyofundishwa darasani, ingawa bado naupendekeza, kwa kuwa mswaki haupenyi katikati ya meno yaliyobanana.

Ukoga ukishaganda kuwa ugaga, hakuna mswaki wala chumvi itakayoubandua. Hapo unahitaji kusafishwa kwa vifaa. Mjamzito na mwenye kisukari wasisubiri, kwa maana fizi zao huvimba upesi zaidi, na mwingine yeyote ambaye damu haijakoma baada ya wiki mbili za mswaki wa uangalifu aje tumtazame.