Mazuku, maji ya mvua na lava: maswali ya afya kwa wanaokaa karibu na volkano ya Nyiragongo

Mazuku ni nini hasa, ni mashetani?

Hapana ndugu yangu, ni gesi. Chini ya ardhi ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, na pande zote zile za Kivu Kaskazini bonde la ufa linaendelea kupanuka, sasa kwenye nyufa inatoka kabonidayoksaidi, na hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo haipandi juu, inatambaa chini na kujaa kwenye mashimo kama maji yanavyojaa kwenye beseni. Haina rangi wala harufu. Ikifika kama asilimia 10 ya hewa unayovuta unaweza kuzimia ndani ya dakika chache tu na ukishaanguka ndo umelala palepale ilipojaa zaidi. Pande za Bulengo na njia ya kwenda Sake wenyeji wanayajua haya.

Nitajuaje kama sehemu ina mazuku?

Angalia chini. Ukiona panya, ndege au wadudu wamekufa shimoni na hawana jeraha, usishuke. Hatari ni kubwa usiku na alfajiri kabla jua na upepo havijaitawanya, na watoto na mbuzi ndo wanatangulia kuathirika maana pua zao ziko karibu na ardhi. Tafadhali sana msiwatume watoto kuni mashimoni asubuhi na mapema, na kama unalala chini kwenye kibanda kilichojengwa bondeni hama, panda juu.

Mtu akianguka mle nimfuate?

Usikimbilie, najua ni ngumu kusikia hivyo hasa kama ni mwanao, ila wengi wamekufa wakiokoa. Kitambaa puani au barakoa havisaidii kitu. Ita watu, tafuteni kamba au mti mrefu mumvute mkiwa juu, akifika kwenye hewa safi kama hapumui mpulizieni pumzi na mumwahishe hospitali.

Maji ya mvua tunayokinga kwenye mabati yana shida?

Mlima ukitoa moshi na majivu, ndiyo. Moshi una salfa na floraidi, mvua inavishusha kupitia mabati hadi kwenye pipa. Floraidi nyingi kwa miaka inaharibu meno ya watoto (yale ya kahawia) na baadaye mifupa. Na kuchemsha hakuitoi, maji yanapungua yenyewe inabaki. Mwaga mvua ya kwanza, safisha bati, funika pipa, na wakati majivu yanaanguka watoto wanywe maji ya chanzo kingine kama yapo.

Na mlipuko wenyewe?

Lava ya Nyiragongo ni nyepesi sana, inatiririka haraka kuliko ya volkano nyingi. Mwaka 1977 ilishuka hivyo, Januari 2002 ikapita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, na tarehe 22 Mei 2021 ikaishia karibu na uwanja wa ndege. Mkiambiwa hameni, hameni. Mwaka 2021 mabomba ya maji yaliharibika pia na mji ukakosa maji, hapo kipindupindu kinanyemelea, kwa hiyo beba klorini na pakiti za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini mtu akiharisha).

Lava ikishapoa juu naweza kukatiza?

Usithubutu. Ile 2021 kuna watu walikufa kwa kukosa hewa wakikatiza juu yake siku chache baadaye. Juu inaonekana jiwe jeusi, chini bado moto na gesi inatoka.