Tenyua si ajira isiyovunjika

Wiki hii nimeisikia tena: "Idara imempa tenyua, sasa hafukuzwi hata afanye nini." Sentensi moja, makosa mawili.

Tenyua (kwa Kiingereza *tenure*) ni hadhi ya mwanataaluma wa chuo kikuu aliyevuka kipindi cha majaribio: haondolewi kazini bila sababu nzito iliyothibitishwa kwa utaratibu. Akiiba maandishi ya wengine, anaweza kuondolewa.

Asili ya neno yenyewe inakataa hilo la "hata afanye nini". Shina lake ni Kilatini, *tenere*, yaani kushika. Lilipitia Kifaransa, na Uingereza ya kale likawa neno la ardhi: mtu alishika shamba la bwana kwa masharti, bila kulimiliki. Chuoni nako kuna masharti. Ulinzi nao una historia yake: mwaka 1900 mchumi Edward Ross alilazimika kuondoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa sababu kauli zake zilimuudhi Jane Stanford, mwanzilishi mwenza wa chuo hicho. Mwanafalsafa Arthur Lovejoy, aliyefundisha hapo hapo, alijiuzulu kupinga hilo, na mwaka 1915 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha maprofesa wa Marekani. Tamko la 1940 la chama hicho, lililotolewa pamoja na umoja wa vyuo, liliweka ukomo wa majaribio kuwa miaka 7, na likaruhusu kuondolewa kwa sababu ya kutosha au chuo kinapobanwa vibaya mno kifedha. Kinacholindwa hasa ni kauli. Ndiyo maana naiona ina uzito zaidi katika fani tumizi: mhandisi anayepima saruji anaweza kupata jibu asilolitaka anayelipia maabara.

Sasa hilo la idara. Idara husoma jalada la utafiti, ufundishaji na huduma, huomba barua za wataalamu wa vyuo vingine, kisha hupiga kura. Kura hiyo ni pendekezo. Hupanda kwa mkuu wa kitivo, uongozi wa chuo, na mara nyingi bodi. Huko juu wamo wanahistoria na wanakemia wanaotafuta makala za majarida, na idara tumizi ina kazi ya kuwaeleza kwa nini programu ya kompyuta inayotumika kweli nayo ni utafiti. Mwaka 1999 chama cha utafiti wa kompyuta huko Marekani kililazimika kuandika waraka kueleza kwamba katika fani yao makala za makongamano na mifumo iliyojengwa vina uzito.

Kwa hiyo, ndugu yangu, sema idara imempendekeza na chuo kimempa. Na ukisema hafukuzwi, ongeza "bila sababu".