Kusoma kozi ya chuo mtandaoni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kampasini chuo hukubebea ratiba. Saa mbili asubuhi kuna kipindi, mwenzako wa chumba anakugongea, mhadhiri anakumbusha tarehe ya testi. Mtandaoni mzigo huo wote unahamia mabegani mwako. Anayepima kozi ya mtandaoni bila kuhesabu mzigo huo ndiye anayeishia kwenye dhana kama hizi.

Dhana: Kozi ya mtandaoni ni nyepesi

Uzito wa kozi hupimwa kwa krediti, popote ulipokaa. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: mihadhara, kujisomea, asaimenti na mitihani. Kozi ya krediti 10 basi ni saa 100. Zigawe kwa wiki 15 za muhula, unapata karibu saa 7 kwa wiki kwa kozi moja tu. Mwenye krediti 60 kwa muhula anahitaji saa 40 kwa wiki, yaani kazi ya kutwa. Mwajiriwa anayerudi nyumbani saa kumi na mbili jioni akajiandikisha kozi sita, hesabu inamkataa kabla hajafungua somo la kwanza. Kozi mbili au tatu zinabebeka.

Dhana: Unasoma muda wowote unaotaka

Hii ni kweli nusu, na nusu ya pili ndiyo inayowaletea watu sapu, yaani mtihani wa marudio. Video iliyorekodiwa unaweza kuitazama usiku wa manane, lakini asaimenti na majaribio hufungwa kwa dakika.

Angalia kwanza namna saa ilivyoandikwa. 23:59 ni saa 5:59 usiku, hiyo haina shida. Ila ukiona "Jumatano, 12:00 AM", huo ni usiku wa manane wa kuamkia Jumatano. Kazi inatakiwa iwe imefika Jumanne usiku, na anayedhani ana Jumatano nzima amepoteza siku. Kama chuo kiko Uingereza, kumbuka Afrika Mashariki iko mbele kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi. Kama chuo chako kinatumia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi za mtandaoni, weka majira ya mahali ulipo kwenye wasifu wako ili mfumo ukuonyeshe saa zako mwenyewe.

Kosa la pili ni kupakia faili na kuondoka. Baadhi ya kozi kwenye Moodle zimepangwa hivi: faili ukishaipakia hubaki rasimu mpaka ubonyeze kitufe cha kuwasilisha. Usifunge ukurasa kabla hali ya kazi haijabadilika kuwa imewasilishwa, kisha piga picha ya skrini.

La tatu ni umeme kukatika katikati ya jaribio. Dakika huhesabiwa kwenye seva ya chuo, kwa hiyo zinaendelea kwenda hata simu yako ikizima. Ingia tena haraka kwa kifaa chochote. Majibu uliyokwisha kujaza kwa kawaida utayakuta, kwa sababu mfumo huyahifadhi kila baada ya muda mfupi.

Dhana: Bila intaneti ya kasi huwezi

Kinachokula bando ni video ya moja kwa moja: kipindi cha kundi kinaweza kupita MB 800 kwa saa. Kipindi hichohicho kwa sauti pekee hutumia makumi machache ya MB. Zima kamera yako, zima na video za wenzako. Vitini na video zilizorekodiwa vipakue mara moja mahali penye Wi-Fi, na programu ya Moodle ya simu inakuwezesha kuvisoma bila mtandao pale chuo kilipoiruhusu. Simu inatosha kusoma na kusikiliza. Kuandika asaimenti ya kurasa kumi yenye majedwali ni jambo jingine: tafuta kompyuta, hata ya kuazima.

Dhana: Cheti chake hakitambuliki

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake mwaka 2023. Vyote ni vyuo halali vya umma. Unachopaswa kuhakikisha ni mambo mawili: chuo kimesajiliwa, na programu ya masomo yenyewe imeidhinishwa. Wengi huishia kwenye la kwanza. Kwa shahada ya nje, iulize TCU kama inaitambua kabla ya kulipa ada, maana baada ya kuhitimu utakuwa umechelewa.

Na kozi zenye vitendo, kama uuguzi, maabara au mazoezi ya kufundisha, lazima ufike mahali. Anayekuahidi shahada ya uuguzi ya mtandaoni tupu, mwepuke.

Dhana: Matokeo ni yaleyale kwa kila mtu

Hapana, na hili linastahili kusemwa waziwazi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017, uliofanywa kwenye chuo kikubwa kinachotoa kozi zilezile kwa njia zote mbili, ulionyesha kuwa waliosoma mtandaoni walipata alama za chini zaidi na wengi zaidi waliacha masomo. Walioumia hasa ni wale ambao alama zao zilikuwa dhaifu tangu awali.

Kama somo fulani limekuwa likikusumbua tangu sekondari, hesabu kwa mfano, lichukue darasani ukiweza, na mtandaoni uchukue lile unaloliweza. Usipokuwa na uchaguzi, tafuta wenzako watatu au wanne wa kozi hiyo, mpange siku na saa isiyobadilika kila wiki, na kila mmoja aje na swali moja alilojaribu kulijibu likamshinda.