Kufomati si kufuta

Juzi nimeletewa tena kompyuta ya mtu anayetaka kuiuza, na maneno yakawa yale yale: "Fundi, wala usihangaike, nimeshaifomati, haina kitu." Nikamwomba ruhusa, nikaitoa diski yake, nikaichomeka kwenye mashine yangu na kuendesha programu ya kurejesha mafaili. Haukupita muda tukawa tunatazama kitambulisho chake alichokiskani, barua zake za kazi na picha za wanawe. Akanyamaza. Nimechoka kuwaona watu wakinyamaza namna hiyo, ndiyo maana naandika.

Unapofuta faili, kompyuta haigusi yaliyomo. Inarekebisha orodha tu. Kwenye FAT, ule mfumo wa kupanga mafaili wa tangu enzi za MS-DOS, mfumo endeshi wa Microsoft wa kabla ya Windows, herufi ya kwanza ya jina la faili inabadilishwa kuwa alama maalumu, bayti ya E5, na klasta zake, yaani vipande vya diski ilivyokalia, zinahesabiwa kuwa huru. Basi. Kwenye NTFS, mfumo wa Windows za baadaye, rekodi ya faili ndani ya MFT, ile orodha kuu ya mafaili, inatiwa alama kuwa haitumiki. Data yenyewe imekaa pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, jambo linaloweza kutokea baada ya dakika moja au lisitokee kabisa. Kwa sababu hiyo Peter Norton, mtunzi wa programu, aliweza kuuza programu ya kufufua mafaili tangu 1982, na MS-DOS 5.0 ya mwaka 1991 ikaja na amri mbili ndani yake: UNDELETE na UNFORMAT. Hilo jina la pili litazame vizuri. Waliotengeneza mfumo wenyewe walijua kwamba diski iliyofomatiwa inarudishika, na wakakupa amri ya kuirudisha.

Hapa ndipo ninapoishiwa subira, maana mtu huniambia, "Lakini mimi nilifanya fomati." Fomati ipi? Ile ya haraka, ambayo Windows hukuwekea tiki tayari kwenye kisanduku chake, inaunda orodha mpya tupu na kuacha karibu kila kitu kingine kama kilivyokuwa. Fomati kamili nayo si moja. Kwenye Windows XP, kilichoifanya ichukue muda mrefu ni kule kuzisoma sekta zote, vile vipande vidogo vya diski, kutafuta mbovu. Haikuandika kitu juu ya data yako. Ni kuanzia Windows Vista ndipo fomati kamili ilipoanza kujaza sifuri diski nzima. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kutumia neno lile lile, wakasubiri muda ule ule, mmoja akawa amesafisha na mwenzake hajasafisha chochote. Neno lenyewe limetudanganya kwa miaka mingi, na siwalaumu wanaoliamini.

Walakini madhara yake ni makubwa. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wakiwa wanafunzi wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walinunua diski kuukuu 158 wakazichunguza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Kati ya 129 zilizokuwa zikifanya kazi, zilizosafishwa ipasavyo zilikuwa 12. Moja ilikuwa imetoka kwenye mashine ya kutolea fedha benki.

Wengine wamekimbilia upande wa pili: eti lazima diski iandikwe juu yake mara 35. Idadi hiyo ilitokana na makala ya mtafiti Peter Gutmann ya 1996, iliyokusanya mbinu za aina mbalimbali za diski za wakati ule, na mwenyewe amekwisha kueleza kwamba hakuna diski moja inayozihitaji zote. Kwa diski ya sahani ya leo, ile yenye sahani za sumaku zinazozunguka, mzunguko mmoja wa sifuri kutoka sekta ya kwanza hadi ya mwisho unatosha.

SSD, diski ya chipu isiyo na sahani, ni habari nyingine, na hapa nakiri sina uhakika nilionao kwenye sahani. Ukiandika juu ya faili, kidhibiti cha SSD hakiandiki mahali pale pale. Kinachagua ukurasa mwingine ili chipu zichakae kwa usawa, na nakala ya zamani inabaki kwa muda mahali ambapo mfumo endeshi hauwezi kupafikia. Apple waliiondoa mwaka 2015 ile amri ya kumwaga pipa la taka kwa usalama, kwa kuwa hawakuweza tena kuidhamini. TRIM, amri ya kuiambia SSD kurasa zipi hazitumiki tena, inasaidia sana, lakini SSD ikiwa ndani ya kasha la USB mara nyingi amri hiyo haifiki. Ipo amri ya kuiambia SSD ijifute yenyewe, nami naitumia. Hata hivyo watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliijaribu mwaka 2011 na kukuta SSD moja iliyojibu kwamba imemaliza, huku data yote ikiwa salama ndani. Nikiituma amri hiyo nategemea neno la kidhibiti, na kidhibiti siwezi kukifungua nikaona.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa kabla, si wa baada: washa usimbaji wa diski nzima, yaani kuigeuza data kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, siku ile ile unapoanza kuitumia kompyuta, BitLocker kwenye Windows, FileVault kwenye Mac au LUKS kwenye Linux, kabla hujaweka picha hata moja. Siku ya kuiuza unaharibu ufunguo, na kilichobaki ni vurugu ya bayti isiyosomeka.

Diski ya yule mteja ilikuwa ya sahani. Niliijaza sifuri mwanzo hadi mwisho, kazi ya saa kadhaa, naye akakataa kuondoka. Nilipomaliza nikamfungulia sekta moja moja kwenye skrini, za mwanzo, za katikati, za mwisho. Sifuri tupu. Ndipo akaichukua kompyuta yake.