Je, boksi la vipodozi la kila mwezi huandaliwa kwa ajili yako tu?

Wengi wanaolipia maboksi ya vipodozi ya kila mwezi, yaani sampuli za vipodozi zinazotumwa kwa mteja kila mwezi, hasa Marekani na Uingereza, huamini kuwa wakishajaza dodoso la ngozi na nywele, boksi lao hufungwa kwa ajili yao peke yao. Kwa kawaida sivyo. Kampuni hupokea sampuli kwa wingi kutoka kwa watengenezaji, huandaa maboksi ya michanganyiko kadhaa ya sampuli hizo, kisha programu ya kompyuta humpangia mteja ule unaokaribia majibu yake. Majibu yako yana kazi, hasa kwenye rangi ya faundesheni, ila huchagua kati ya vilivyomo ghalani. Ili ujionee, linganisha boksi lako na la rafiki mwenye ngozi tofauti, au tazama video za wateja wakifungua maboksi ya mwezi huohuo. Mwenye mzio asome viambato vya kila chupa, dodoso halimkingi.