Mwezi haumli kaa nyama

Jumamosi nimeyasikia tena, yale ya kaa na mwezi. Kijana wa Nairobi, mpole, mara yake ya kwanza kukanyaga tope la mikoko. Asubuhi kwenye saa nne, maji yalipokupwa, nilimwonyesha shimo, akapeleka ndoana mwenyewe, ile fimbo yenye chuma kilichopinda, na kutoa dume la zaidi ya kilo. Alifurahi hadi akasahau tope lililomfika magotini. Jioni mwezi ukachomoza mzima juu ya hori, huu mkono wa bahari, na furaha ikamwisha. "Mzee, kumbe leo ni mwezi mpevu! Nimeambiwa kaa wa mwezi mpevu ni maji matupu. Tumrudishe?"

Kazi yangu ni kununua kaa koko, hawa wa mikokoni, na kuwanenepesha, na zikija bamvua, zile siku za maji kujaa na kupwa sana, nawapeleka wageni kuvua kwa starehe kule Mida, pwani ya Kenya. Hakuna bamvua inayopita bila kuambiwa hayo, mara nyingi na mtu ambaye hajawahi kumshika kaa.

Kaa huwa mtupu hasa kwa sababu amejivua gamba, na hapa sisemi siasa. Gamba lake halikui. Akitaka kuongezeka hulipasua kwa nyuma, akatoka kinyumenyume, laini kama mkate uliolowa chai, kisha anajijaza maji ili avimbe kabla gamba jipya halijakaza. Gamba likishakuwa gumu unamwona kaa mkubwa, magando ya kutisha, na ndani nyama imejaa nusu tu, pengine chini ya hapo. Iliyobaki huja polepole, wiki baada ya wiki, kwa kula.

Sasa wazee waliosema mwezi, walikuwa wajinga? Hapana, waliyaona ya kweli wakakosea sababu. Bamvua maji hukupwa mbali, kwa hiyo mtu anaingia ndani kabisa ya mikoko, kwenye mashimo yasiyofikika siku za maji mafu. Na kaa aliyetoka kujivua gamba yuko humo humo, amejificha, hali kitu. Dema, ule mtego wa chambo, halimpati, maana anayeingia demani ni mwenye njaa. Mwenye ndoana ndiye anayemkuta. Halafu bamvua ziko mbili kila mwezi. Ile ya mwezi mwandamo, usiku wa giza totoro, nayo huniletea watupu, ila siku hiyo angani hakuna wa kulaumiwa.

Kama bado unabisha, njoo uangalie vizimba vyangu. Biashara yenyewe ndiyo hiyo: nawanunua watupu kwa bei ya chini, kila mmoja chumba chake kwa sababu ukiwachanganya watakulana, nawapa matumbo ya samaki na konokono wa mikoko. Aliyeingia mtupu mwezi ukiwa mpevu, mwezi unaofuata ukiwa mpevu tena huwa ameshajaa. Mwezi ni uleule. Kilichobadilika ni tumbo lake.

Kwa hiyo acha angani, tumia kidole gumba. Mgeuze kaa chali (awe amefungwa magando, tafadhali; nina vidole kumi na nataka nibaki navyo). Bonyeza gamba la upande wa tumbo, karibu na mashina ya miguu ya nyuma. Likibonyea kama chupa tupu ya plastiki, mrudishe majini ajaze. Likikataa kabisa, huyo ni wa sufuria. Tazama na rangi: gamba safi linalong'aa ni jipya, nalitilia shaka, lakini lililochakaa, lenye mikwaruzo na madoa ya tope, mwenyewe amelivaa siku nyingi na amelijaza. Watu wa mjini huchagua linalong'aa. Kila mara. Yule kijana nilimpa abonyeze, akabonyeza mpaka kucha ikawa nyeupe, gamba halikutikisika.

Mengine niyapitie haraka.

Eti chambo lazima kioze. Kaa koko anawinda, anavunja makombe na konokono hai kwa gando. Mpe kichwa cha samaki wa leo, bado kina damu. Kilichooza kinakunukisha wewe tu.

Eti gando likikatika kaa ameharibika. Huliacha mwenyewe ili aokoe roho, na huota jingine kila anapojivua gamba, kwanza dogo kisha kubwa.

Eti majike yanazaa humu humu horini, kwa hiyo hayataisha. Jike likishapandwa hutoka kwenda bahari kuu kuachia mayai, mamilioni kwa mkupuo mmoja, na watoto huelea huko wiki kadhaa kabla ya kurudi mikokoni. Ile rangi ya machungwa mnayoigombania sahanini ni mayai ambayo hayajapata nafasi ya kutoka. Queensland kule Australia, kaa wa aina hiyohiyo, jike haliruhusiwi kuchukuliwa hata likiwa kubwa vipi. Mimi kwangu nimeshaamua: mgeni akitoa jike, tunalipiga picha na kuliachia. Tumbo lenye kifuniko kipana cha mviringo ndilo jike; dume lake ni jembamba, la pembetatu.

Eti kaa umtie kwenye ndoo ya maji asife. Ndiyo njia ya kumwua! Maji ya ndoo yaliyosimama huishiwa hewa upesi. Mfunge, mweke kivulini, mfunike gunia lililoloweshwa maji ya bahari, atakaa siku kadhaa akikutazama kwa chuki.

Na wale wanaoniambia, "Mzee, huyu amekufa sasa hivi tu, nipunguzie bei," wajue kaa akifa nyama yake huharibika haraka kuliko samaki. Aliyekufa kizimbani sipimi saa wala sipunguzi bei. Naenda kumfukia.